Kiasi cha Kiganja

Kiponda aliteremka ngazi bila kugusa chochote, na hilo ndilo lililomtia Ishaq hofu. Mafundi aliowazoea huanza kugonga na kufungua kabla hawajaambiwa kisa. Huyu, aliyetoka Mtwapa asubuhi hiyo kwa ajili ya mlango mmoja tu, alisimama juu ya ngazi kitambo akiimulika kwa tochi ile springi iliyokatika, akaimulika na ile nzima, kisha akashuka na kujifuta mikono ambayo haikuwa imechafuka.

"Mzee Ishaq, huu mlango ulale chini," alisema. "Hapo hapo ulipo. Usiinuke mpaka nirudi na springi mbili."

"Iliyokatika ni moja."

"Ni pacha hizo, zimekula chumvi pamoja. Hii iliyobaki ina kutu mpaka ndani ya mikunjo. Inangoja siku yake."

Nyumba ilikuwa Bofa, karibu na ufuo kiasi kwamba mtu akilamba mdomo asubuhi huonja chumvi kabla hajaonja chai. Mwenyewe alikuwa Salman, kaka yake Hindu, mke wa Ishaq. Salman aliishi Maskati. Alijenga ghorofa, akaijengea ubavuni banda la gari ambalo yeye aliliita gereji, na kwenye gereji hiyo akatia mlango wa chuma wa kupanda juu darini kwa kubonyeza rimoti. Gari halikupata kuingia humo. Walioingia nyumbani ni Ishaq, Hindu na binti yao Ilham, waliowekwa kuitunza nyumba, wakapewa vyumba viwili vya nyuma. Sebule kubwa ilifungwa, na ufunguo aliondoka nao Sumeiya, mke wa Salman, ndani ya mkoba wake.

Hindu alikuja na sinia la chai na mahamri. Alikuwa mwanamke wa maneno, na vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vyekundu nchani mwaka mzima, kwa kuwa hakukupita wiki asipake hina bibi harusi, leo Kilifi mjini, kesho Takaungu, keshokutwa Mtondia.

"Fundi, mlango gani huu unaougua kuliko binadamu?"

"Mama, huu una uzito wa ng'ombe. Springi ndizo zinazombeba ng'ombe. Hiyo mota hapo juu kazi yake kumwongoza tu, kama mtu anayeshika kamba. Springi zikiisha, ng'ombe anamlalia aliye chini."

"Na haya macho mawili hapa chini?" Hindu alivionyesha kwa kidole vile vioo vidogo vilivyowekwa kila upande wa mlango, karibu na sakafu. "Kaka alitwambia yakiona mtu, mlango unarudi juu wenyewe."

"Macho yanamwambia mota. Mlango unaoanguka haumuulizi mota wala macho." Kiponda alipitisha kidole kwenye reli ya pembeni, akakinusa, akakunja uso. "Nani ameupaka uvundo huu?"

Ishaq alikohoa. "Mafuta ya papa hayo. Kwetu Kizingitini ndiyo yanayozuia kila kitu kuoza. Nikasema na mlango nao upate."

"Umepaka reli, mzee, springi umeziacha kavu. Sasa mchanga wote wa Bofa umenata humu."

Hindu alicheka mpaka akaweka sinia chini. "Siku ngapi namwambia! Baba Ilham kazi yake kushona kanzu, basi akiona kitu kigumu anataka kukilainisha."

Kiponda naye alicheka, lakini macho yake hayakutoka darini. Alitaka kuiondoa mota na kuupiga mlango kufuli ili asije mtu akasahau akaubonyeza. Ishaq alikataa. Mwenye mali hajasema, alijibu, na kitu cha watu hakifunguliwi bila ya neno la mwenyewe.

"Basi mpigie mwenyewe. Na hii kamba nyekundu inayoning'inia kwenye mota, mlango ukiwa juu msiivute kabisa. Ukiivuta umemkata ng'ombe kamba."

"Alhamisi nina hina ya binti yangu humu ndani," alisema Hindu.

"Humu?"

"Humu. Wapi kwingine?"

Kiponda aliitazama ile ghorofa, madirisha yake ya vioo, roshani zake zilizopakwa chokaa nyeupe, akayarudisha macho kwenye sakafu ya saruji ya gereji. Hakuuliza tena. Hindu aliinama akaliokota sinia.

"Mlango ulio chini haumdhuru mtu," alisema fundi taratibu. "Wakae tu. Lakini uwe chini."

Salman alipatikana baada ya sala ya isha, uso wake umejaa kwenye simu ya Hindu, kofia yake ya Kiomani imekaa sawasawa. Alitaka habari za Ilham, akatia dua, akauliza habari za Zein, baba wa bwana harusi, kama bado ana ule mguu wake mbovu. Ishaq alijibu yote kwa upole, akingoja pa kuingilia.

"Shemeji, ule mlango. Fundi amekuja, amesema springi zote mbili hazifai, mlango usiinuliwe. Akizipata Mombasa anaweza kuzitia kabla ya Alhamisi."

"Fundi wa wapi?"

"Wa Mtwapa. Kijana anaijua kazi."

"Mtwapa!" Salman aligeuka akamwambia mtu aliye nyuma yake, na sauti ya Sumeiya ikaja bila ya uso. "Mwambie wasiuguse. Mlango wa watu huo, si beseni la kuzibwa." Salman akarudi. "Umesikia? Huo ukichokolewa na mtu asiyeujua umekwisha. Springi nitazinunua huku, zake hasa. Haji tunayefanya naye kazi huku anakuja likizo, nitampa."

"Haji anakuja lini?"

"Karibuni, inshallah. Nyinyi utumieni polepole. Mota ile ina nguvu, hiyo moja itatosha kwa muda."

Hindu aliinyakua simu. "Kaka, na sebule? Kwa siku moja tu, siku ya hina. Nitaagiza ufunguo uje na mtu yeyote, nikusafishie, nikufungie."

Salman aligeuka akamtazama aliye nyuma yake. Kisha Sumeiya akasema kwa sauti ya asali, "Wifi yangu, yale makochi ni ya kitambaa cheupe, na hina unaijua wewe kuliko mimi. Gereji si kubwa? Hata watu mia wanaenea. Ningekuwa mimi ningependa gereji."

"Sawa, wifi," alisema Hindu.

Simu ilipokatika, Hindu aliirudia sauti ile ile ya asali, "Ningekuwa mimi ningependa gereji," huku amekishika kiuno na kukivuta kitambaa cha meza kama shela. Ilham aliyekuwa mlangoni alicheka. Ishaq hakucheka. Alikuwa akitafuta moyoni namna ya kumwita Kiponda bila ya ruhusa, na kila alipoitafuta alikiona kitambaa cheupe cha makochi ya Sumeiya, akawaona wao watatu njiani na magodoro yao kichwani.

"Usiniangalie hivyo, Baba Ilham," alisema Hindu. "Tutaufunga mlango tukae ndani. Mimi nimezoea joto. Nimekuzoea na wewe."

Siku ya hina gereji ilipendeza. Walitandika mikeka ukuta kwa ukuta, wakafunika saruji yote, wakazitundika kanga mpya ukutani. Wanawake walianza kuja kabla ya adhuhuri, wakipita ndani ya nyumba na kuingilia kimlango kidogo kilichoiunganisha na gereji, wakivua mabuibui na kuyarundika juu ya friza kuukuu ya Salman. Chini ya mabuibui walikuwa na madera ya rangi, nywele zimeachwa wazi, shingo zimepakwa manukato. Wanaume walikuwa kwenye kiwanja cha jirani chini ya turubai, upande wa pili wa ua, wakilisimamia sufuria la pilau.

Kilichowashinda wanawake ni harufu. Mafuta ya papa, kwa joto lile na mlango umefungwa, yaliamka. Shangazi Mwanaesha, aliyemlea Hindu, aliamuru chetezo cha pili cha udi, kisha cha tatu, na udi ukachanganyika na papa ukawa kitu kisicho na jina. Feni moja ilikuwa ikizungusha moshi ule ule. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi alitoka ameshikwa kwapani, akisema ameona kizunguzungu.

Hindu alimwita mumewe kupitia dirisha la jikoni.

"Baba Ilham, tufungulie mlango. Watu wanakufa humu."

"Kiponda alisema nini?"

"Kiponda hakufungiwa na ulichotupakia. Nusu tu, tupate pumzi. Mama yake bwana harusi amekaa na leso puani katika nyumba yangu, unataka akaseme nini kwao?"

"Si nyumba yako," alisema Ishaq, na hapo hapo akajuta.

Hindu alimtazama kidogo. "Najua," alisema. "Ndiyo maana sitaki wajue wao."

Basi Ishaq akachukua rimoti. Mlango ulinguruma, ukasita, ukapanda ukitetemeka. Aliusimamisha ulipofika kiunoni, kimo ambacho upepo utaingia na aliye nje haoni ila mikeka na nyayo. Alihangaika kutafuta kitu cha kuutegemeza, akaenda jikoni akautwaa mchi, ule mrefu wa mti mgumu, akausimamisha wima chini ya ukingo wa mlango, akaupiga kwa kisigino mpaka ukakaza. Aliutikisa mlango, haukwenda. Kutoka ndani wanawake walimpigia vigelegele kama kwamba ndiye aliyeumba upepo.

"Mchi huo usiguswe," alisema kwa sauti kubwa, uso ameugeuzia uani.

"Husikiki kwa kelele hizi," alijibu mtu, na wote wakacheka.

Haukupita muda, stima ikapotea. Feni ilizunguka mara za mwisho ikasimama. Chini ya turubai, Ishaq aliitazama rimoti mkononi mwake akaelewa kwamba sasa hawezi hata kuuteremsha mlango akitaka. Iliyobaki ni ile kamba nyekundu, nayo amekatazwa. Alisema moyoni, mchi upo. Zein, baba wa bwana harusi, alimvuta kando yake kwenye kiti, akamwuliza bei za vitambaa vya kanzu mjini, na Ishaq akawa anajibu huku sikio moja liko gereji.

Ndani, kwa kuwa taa zimezimika, Hindu alimhamisha Ilham akamkalisha karibu na mlango, ambako mwanga ulipita chini ya chuma ukaangukia mkekani. Mkono wa kushoto ulikuwa umekwisha, kutoka kwenye kucha hadi kiwikoni, maua na majani na vitone vidogo kama punje za mtama. Wanawake waliupitisha macho wakasema mashallah. Hindu aliuanza wa kulia. Koni zake za hina, kisahani cha ndimu na sukari, pamba na vijiti, vyote aliviweka kizingitini penyewe, kwenye mwanga.

Hayo Ishaq hakuyaona. Aliambiwa baadaye na Ilham, kidogo kidogo.

Alichokisikia yeye, akiwa chini ya turubai, ni sauti ya kutwanga. Tu, tu, tu, taratibu, kutoka upande wa jikoni. Ilikuwa sauti ya kawaida kwenye shughuli yoyote, na ilipita masikioni mwake kama inavyompita mtu sauti ya moyo wake. Zein alikuwa akimweleza habari ya mguu wake. Mpishi alikuwa akifunua sufuria. Tu, tu. Ishaq aliitikia, akatabasamu, na tabasamu likamkauka usoni. Katika nyumba ile mlikuwa na mchi mmoja tu.

Aliinuka. Hakukimbia, kwa kuwa mwenye shughuli hakimbii mbele ya wakwe. Alivuka ua kwa hatua ndefu, akamkuta Mbeyu, mwanamke wa kijiji cha Tezo aliyewaletea nazi na kuni na kubaki kuwasaidia, amesimama mbele ya kinu.

"Mchi huo umeutoa wapi?"

"Nimepewa na Bi Mwanaesha, baba. Ni singo ya kumsugulia bibi harusi, haijalainika. Amesema ulikuwa umesimama pale mlangoni bure."

Ishaq aliunyakua mchi, mabaki ya liwa na karafuu yakamrukia kanzu, na sasa alikimbia. Alikuwa amefika pembe ya nyumba springi ya pili ilipokatika. Ulikuwa mlio ule ule wa siku ilipokatika springi ya kwanza, mlio uliowatoa majirani nje wakidhani ni bunduki. Ndani ya mota kitu kilisagika kama meno. Kisha mlango ukaja chini wote kwa mara moja.

Alipofika, mlango ulikuwa umefungika, isipokuwa haukufungika. Chini ya ukingo wa chuma, pale palipokuwa na mpira ambao jua lilishaula, vilitokeza vidole vinne. Nchani vilikuwa vyekundu. Mbele yavyo, kwenye mteremko wa saruji, ilikuwa koni moja ya hina iliyobingirika nje, ndiyo aliyokuwa ameinyoshea mkono mwenye vidole hivyo.

Ishaq alivijua vidole vile kabla hajajua kwamba anavijua.

Alitupa mchi, akaushika mpini wa nje kwa mikono miwili akavuta. Mlango haukujua kama yupo. Alisukuma vidole vyake mwenyewe katika ule upenyo ulioachwa na mkono wa mkewe, akaweka goti, akavuta tena, akasikia mgongo ukimlia. Ndani zilikuwa kelele tupu, na katika kelele zile sauti ya Ilham, "Baba, uinue! Baba!" Sauti ya Hindu haikuwamo.

Wanaume waliruka ua. Walikuja wengi, wenye nguvu, vijana wa upande wa bwana harusi na wazee wao, Zein akichechemea nyuma. Waliinama wakajipanga, huyu kwenye mpini, yule kwenye upenyo, mwengine kwa mchi aliotaka kuutumia kama mtaimbo. Kutoka ndani wanawake walizisikia sauti zao nzito ukutani, na sasa kelele ikageuka.

"Msiinue! Ngojeni!"

"Buibui langu! Nipe buibui, hilo si lako!"

"Kuna wanaume! Wamejaa!"

Mabuibui yote yalikuwa lundo moja juu ya friza, meusi kwa meusi, na kile kimlango cha ndani kilikuwa kimezibwa na watu waliokuwa wakikigombania wote pamoja. Mama yake bwana harusi alikuwamo, na binti zake wawili wasioolewa, nywele wazi, katika nyumba ya watu.

Zein alimtazama Ishaq. Mikono yote ilikuwa mahali pake. Mishipa ilikuwa imeshasimama shingoni mwa vijana. Walikuwa wakingoja neno la mwenye shughuli.

"Ishaq, tuinue?"

Na Ishaq, ambaye tangu apate akili zake hakuwahi kuingia penye wanawake bila ya kupiga hodi, ambaye hata chumbani mwake hukohoa kabla ya kusukuma mlango, alisikia kinywa chake kikisema:

"Ngojeni kidogo. Wajisitiri."

Wakangoja. Wanaume wazima, migongo imepinda, nyuso wamezigeuzia baharini kwa heshima, wakangoja. Ishaq alikuwa ameinamia vile vidole. Vilikuwa vikibadilika rangi, na rangi yenyewe ilikuwa si ya hina. Alikigusa kidole cha shahada. Kidole hakikumjibu.

"Hindu," aliita kwenye ule upenyo. "Hindu, wanakuja. Wanakuja sasa hivi."

Alisikia pumzi upande wa pili, karibu kabisa, kama mtu aliyelala shavu kwenye saruji. Neno hakulisikia.

Hatimaye sauti ya Shangazi Mwanaesha ikapasuka, "Haya, inueni! Inueni, Mungu awalaani, mnangoja nini?" Wakainua. Chuma kilipanda kidogo tu, kiasi cha kiganja kilichosimamishwa ubavu, na mkono ukavutwa ndani ukatoweka. Mlango wakaurudisha chini, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuushikilia. Pale nje ilibaki ile koni ya hina, na mmoja wa vijana, bila kujua la kufanya, aliiokota akampa Ishaq.

Hospitalini waliambiwa wakae benchini. Waliambiwa waende dirisha lile, wakaambiwa dirisha lile silo, wakarudishwa la kwanza. Msichana aliyekuwa akiandika aliuliza kazi ya mgonjwa.

"Hupaka hina," alisema Ishaq.

"Hiyo si kazi, mzee. Niandike mama wa nyumbani?"

Ishaq alifungua mdomo. "Andika," alisema.

Daktari alikuwa kijana mpole aliyechoka. Alisema kidole cha shahada na cha kati havikuwa na njia, vimekaa bila ya damu na mifupa yake imekuwa unga. Viwili vingine na gumba vitabaki. Ishaq aliuliza kama vingeokoka lau angewahishwa. Daktari alisema mambo hayo hayasemeki kwa uhakika, pengine kimoja, pengine hata hicho kisingeokoka, na akaomba radhi aende kwa mgonjwa mwengine. Ishaq alibaki na ile pengine mkononi.

Nikaha ya Ijumaa haikuahirishwa. Watu walishaalikwa, na Zein alisema kwa huruma ya kweli kwamba kusogeza siku ni kuongeza msiba. Mpakaji mmoja wa Takaungu, mwanafunzi wa Hindu wa zamani, alikuja mwenyewe na koni zake kumalizia mkono wa kulia wa Ilham. Ilham aliuficha mkono nyuma ya mgongo kama mtoto mdogo, akakataa. Alikwenda kukaa mbele ya watu na mkono mmoja umejaa maua, na mwengine una ua moja na shina lililokatikia kwenye kifundo. Wapo waliodhani ni mtindo mpya.

Salman alipiga asubuhi ya pili baada ya ajali. Ishaq aliipokea simu pale kando ya kitanda, kwa kuwa Hindu hakuinyoshea mkono.

"Maskini dada yangu," alisema Salman, na macho yake yalikuwa yamelowa kweli. "Sikulala, wallahi. Vipi leo?"

"Anaendelea, alhamdulillahi."

"Mwambie dua tunamwombea. Haji amepata tikiti, anafika Jumapili, na springi anazo." Nyuma yake mtu alinong'ona kitu. "Na mlango wenyewe, shemeji? Haukupinda?"

"Umepinda ubao wa chini."

"Laa. Mliuinua wa nini, Ishaq? Si fundi aliwaambia usiinuliwe?"

"Alituambia."

"Basi."

"Basi, shemeji," alisema Ishaq. Aliiweka simu juu ya kabati, kioo kikitazama chini.

Hindu alikuwa ameketi akiegemea mto, mkono wake umefungwa bandeji mpaka umekuwa kama mkate. Tangu siku ile alikuwa amezungumza na kila mtu. Alimtania nesi, akamwuliza Ilham kama mumewe anakoroma, akamtuliza Shangazi Mwanaesha aliyekuja kulia kwa habari ya mchi. Kwa mumewe alijibu tu alipoulizwa, basi. Ishaq alikuwa amemletea uji katika chupa ya chai. Alimimina kikombeni, akakoroga, akakoroga zaidi ya ilivyohitajika.

"Kiponda amepiga," alisema. "Anauliza kama aje auondoe mlango kabisa, aweke pazia la turubai."

"Mwenye mali amesema?"

"Bado."

Hindu alicheka kidogo kwa pua. Alikitazama kikombe, hakukishika. Nje ya dirisha mtu alikuwa akifagia, na ufagio ulisikika ukienda na kurudi juu ya changarawe.

"Baba Ilham."

"Naam."

"Nataka kukuuliza kitu. Mimi nilikuwa nimelala chini, sikuona." Alizungumza bila ya ukali, kama mtu anayeuliza kipimo cha kitambaa. "Wale wanaume walipoinua. Waliinua kiasi gani?"

Ishaq aliweka kijiko chini. Angeweza kusema hakumbuki. Aliuinua mkono wake wa kulia, akaunyosha hewani baina yao, kidole kidogo chini na gumba juu.

Hindu alikitazama kile kiganja. Alikipima kwa macho kutoka chini hadi juu, kisha akayateremsha macho polepole mpaka sakafuni, pale ambapo ukingo wa mlango ungekuwa, na Ishaq akajua kwamba anaona kile alichokiona yeye kila alipofumba macho tangu siku ile: kwamba kwa upenyo ule, aliyesimama nje na hata aliyelala kifudifudi, asingeona ila mikeka, hakukuwa na wa kusitiriwa.

"Kiasi hicho tu," alisema Hindu.

Aligeuka akatazama dirishani. Uji ulianza kufanya utando. Ishaq aliendelea kuketi na mkono wake hewani, hajui auteremshe wapi.